Darasa la MBA Kisumu: tuunde jumuiya, au kundi la WhatsApp linatosha?

Swali: Mwalimu, hujambo. Nafanya kazi benki hapa Kisumu na nasoma MBA, masomo ya jioni na Jumamosi. Tuko 34 darasani. Mratibu wa programu ametuambia tuunde jumuiya ya wanafunzi wa uzamili wa biashara, kama zile za vyuo vya Marekani. Baadhi yetu wanataka iwe chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Wengine wanasema hizo ni siasa za wanafunzi wa shahada ya kwanza na hawana muda nazo. Mimi napendekezwa kuwa mwenyekiti. Je, jumuiya kama hiyo itatufaa nini sisi watu wazima wenye kazi na watoto? Tuisajili wapi? Na huo uenyekiti niukubali?

Jibu: Dada, iundeni. Ila iundeni kwa kazi moja ambayo kila mtu darasani ataielewa bila kuelezwa mara mbili: nyote 34 mhitimu. Akiba, safari, fulana zenye nembo na karamu ya mwisho wa mwaka vinaweza kungoja.

Nasema hivyo kwa sababu MBA ya jioni hapa kwetu ina nusu mbili zisizofanana hata kidogo. Nusu ya kwanza ni ya darasani. Mnaonana kila wiki, kuna mitihani na kazi za vikundi, na aliyechoka anabebwa na wenzake. Nusu ya pili ni utafiti: kuandika pendekezo, kulitetea, kukusanya data, kuandika tasnifu, kuitetea tena. Hapo ratiba ya darasa inakufa. Mmoja anahamishiwa Lodwar, mwingine anajifungua, mwingine anapandishwa cheo na sasa anatoka ofisini saa mbili usiku. Kundi la WhatsApp lililokuwa linaita mchana kutwa linabaki la rambirambi na heri za siku ya kuzaliwa. Nimefundisha madarasa ya jioni katika ukanda huu wa ziwa kwa miaka mingi, na wanafunzi wanaoniumiza moyo zaidi si waliofeli mtihani. Ni wale waliofaulu kila somo, wakalipa kila shilingi ya karo, kisha wakakwama peke yao kwenye sura ya tatu ya tasnifu mpaka muda wa usajili ukawapita.

Mratibu wenu ametaja Marekani, na hakukosea. Jumuiya za wanafunzi wa biashara kule zimezaa mambo makubwa. National Black MBA Association ilianzishwa mwaka 1970 na leo ni chama cha wataalamu chenye matawi mengi. Net Impact ilianzishwa mwaka 1993 na wanafunzi wa shule za biashara waliotaka kampuni zipimwe pia kwa namna zinavyowatendea watu na mazingira. Pale Harvard, klabu ya wanafunzi inayoshughulikia biashara ya Afrika huandaa mkutano mkubwa unaowaleta pamoja wanafunzi, wawekezaji na wakuu wa kampuni za bara letu.

Lakini mtazame mwanafunzi wa huko. Wengi wao wameacha kazi, wanasoma kutwa kwa miaka miwili, na wanataka kazi nyingine wakimaliza. Kwake yeye, klabu ya fedha au ya ushauri wa biashara ni mlango wa ajira: inawaleta waajiri chuoni, inamfanyisha mazoezi ya usaili, inamkutanisha na waliomtangulia. Wewe kazi unayo. Unachokosa ni saa mbili tulivu na mtu wa kusoma kurasa zako kwa makini. Mkiziiga klabu zao kwa majina na vyeo, mtapata viongozi wanane na mikutano isiyo na watu.

Kwa hiyo moyo wa jumuiya yenu uwe vikundi vya tasnifu. Nyinyi 34 mnatoa vikundi saba: sita vya watu watano na kimoja cha wanne. Msigawane kwa urafiki. Mchanganye fani, kwa sababu mhasibu ndiye atakayemuuliza mtu wa rasilimali watu lile swali rahisi ambalo wenzake wa fani wameacha kuliona. Zingatieni pia mtu anaishi wapi. Wa Ahero na wa Maseno wakiwekwa pamoja, mmoja wao atakuwa mtoro. Wakutane kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, mara tu kipindi cha mwisho kinapoisha na kabla mtu hajapanda matatu. Kila mmoja aje na kurasa mbili zilizochapishwa. Zisomwe kwa sauti na mtu mwingine, mwenyewe akae kimya asikilize.

Tuseme mmoja wenu anatafiti mikopo ya simu na mauzo ya wafanyabiashara wadogo wa soko la Kibuye. Tatizo lake la utafiti linasomwa. Swali la kwanza la mezani ni jepesi: wafanyabiashara gani? Wenye vibanda vya kila siku, au hata wale wanaofurika Jumapili na mitumba yao? Akijibu "wote", tayari ana kazi ya wiki mbili zijazo, yaani kutafuta orodha inayoaminika. Tuseme ameipata na ina majina 400. Atatumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo karibu kila mwanafunzi huinakili bila kuitafakari, na kosa linalokubalika likiwa 0.05: 400 igawanywe kwa 1 jumlisha 400 mara 0.05 mara 0.05. Chini panakuja 2, kwa hiyo sampuli ni watu 200. Hapo mwenzake anamuuliza: dodoso 200 utazijaza lini, nawe uko kaunta Jumatatu hadi Ijumaa, na mama wa Kibuye siku ya Jumapili hana hata dakika kumi za kukupa? Je, utamlipa msaidizi? Nani atamfundisha asijaze dodoso mwenyewe chini ya mwembe?

Maswali hayo msimamizi wako angeyauliza baada ya miezi mitatu, rasimu ikiwa imekwisha kuwa nene na wewe umekwisha kuipenda. Kikundi kinayauliza leo, kurasa zikiwa mbili. Tofauti ya muhula mzima hupatikana hapo.

Kazi ya pili ya jumuiya ni kabrasha moja la pamoja kwenye mtandao, kwa mfano Google Drive. Ndani yake pawe na mfano wa barua ya utambulisho kutoka chuoni, mwongozo wa chuo wa mpangilio wa tasnifu, maelezo ya namna mliotangulia mlivyopata kibali cha maadili ya utafiti na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na orodha ya ofisi ambazo ziliwahi kuwakubalia wanafunzi kukusanya data, pamoja na cheo cha afisa wa kumwandikia. Mtu mmoja akihangaika wiki tatu kujua barua yake ya kwenda ofisi ya kaunti ipitie mlango gani, wenzake 33 hawana sababu ya kuhangaika wiki hizo hizo.

Ila kuna kitu ambacho hakitaingia humo kabisa, nacho ni tasnifu za kuuziwa. Mnajua biashara hiyo ipo, na matangazo yake yatawafikia kundini kabla hata hamjachagua mweka hazina. Andikeni kwenye katiba kwamba anayetangaza au kutafuta mwandishi wa kulipwa anatoka kwenye jumuiya siku hiyo hiyo. Mimi nalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Meneja wa kesho ambaye hakuandika utafiti wake hataweza kuusoma utafiti wa mtu mwingine akaujua ni mbovu, na kesho hiyo atakuwa ameshika fedha za watu.

Kazi ya tatu ni sauti. Kila darasa lina malalamiko ya msimamizi anayekaa na rasimu. Mtu mmoja akilalamika, anaonekana mvivu au mkorofi. Jumuiya iweke jedwali moja lenye safu nne: hatua, tarehe rasimu ilipopelekwa, tarehe iliporudi, siku zilizopita. Pasiwe na jina la mwanafunzi wala la mhadhiri. Mwisho wa muhula, mwenyekiti na katibu walipeleke kwa mkuu wa shule ya biashara na mkurugenzi wa masomo ya uzamili, wakiwa na ombi moja tu, kwa mfano kwamba kila rasimu ijibiwe ndani ya muda fulani, au pasipo jibu mwanafunzi aruhusiwe kumwendea msimamizi wa pili. Chuo hakiwezi kulipuuza jedwali kinavyoweza kuipuuza sauti ya mtu mmoja kwenye korido. Nanyi mtajifunza jambo lingine humo: mara nyingi siku nyingi zaidi zimepotea mikononi mwa mwanafunzi. Hilo nalo lisemwe wazi kwenye vikundi.

Sasa pesa, maana ndipo jumuiya nyingi hufia.

Wanaotaka chama cha akiba wafanye chama cha akiba, kando. Kiwe na wanachama wake, katiba yake na akaunti yake. Sina neno baya juu ya vyama. Vimesomesha watoto na kununua mashamba hapa Nyanza. Ila ukivichanganya na masomo, siku mtu akishindwa kurudisha mkopo ataanza kukukwepa. Akikukwepa wewe, atakwepa pia kikundi cha tasnifu cha Jumamosi, na huyo huenda ndiye aliyekihitaji kuliko wote. Utakuwa umempoteza mwanafunzi kwa sababu ya shilingi elfu kumi.

Mchango wa jumuiya uwe mdogo na wenye matumizi yanayojulikana. Shilingi 500 kwa muhula, mara 34, ni shilingi 17,000. Hizo zinatosha kuchapisha karatasi, chai ya mkutano, na nauli ya mgeni mmoja au wawili wa kuzungumza nanyi. Ukumbi ni wa chuo, msilipie. Watia saini wawe wawili, na taarifa ya akaunti itumwe kundini kila mwisho wa mwezi bila kungoja mtu aulize.

Halafu kuna matanga. Huku kwetu hakuna kundi la watu 34 litakalomaliza miaka miwili bila msiba, na hakuna atakayekaa kimya mwenzake akifiwa. Basi liamueni sasa, kabla hajafiwa yeyote, ili asije akapimwa mtu kwa umaarufu wake. Andikeni ni misiba ya nani mtakayochangia: mwanachama mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa, mtoto, mzazi. Wakwe watazua mjadala mrefu, jadilini mmalize. Kiasi kiwe kile kile kwa kila msiba, na pesa ziende moja kwa moja kwenye simu ya aliyefiwa badala ya kupitia kwa mweka hazina. Chagueni wawili wa kwenda mazishini kwa niaba ya wote, kwa sababu mazishi ya Jumamosi yakilivuta darasa zima hadi Siaya, masomo ya siku hiyo yameanguka.

Kuhusu usajili, mna njia zaidi ya moja. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 36, inampa kila mtu haki ya kujiunga na wengine katika chama. Sheria ya Vyama, sura ya 108, inahusu vyama vya watu kumi au zaidi na ina msajili wake. Ipo pia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotekelezwa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Kwa jumuiya ya masomo, ushauri wangu ni mpitie chuoni: shule ya biashara kwanza, kisha ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Pelekeni katiba fupi, orodha ya wanachama na jina la mhadhiri aliyekubali kuwa mlezi. Mkishatambuliwa, mnapata ukumbi, mnaruhusiwa kutumia jina la chuo kwenye barua, na barua hizo zinafunguliwa. Msilitumie jina hilo wala nembo kabla ya ruhusa. Kile chama cha akiba ndicho kikaandikishwe kama kikundi cha jamii.

Katika kuandikisha watu, chukueni jina, namba ya simu, fani na hatua ya masomo, basi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kuweka namba za vitambulisho vya watu 34 kwenye jedwali ambalo kila mtu anaweza kulifungua ni kutafuta taabu isiyo na faida.

Wale wanaohofia siasa wana hoja, nanyi msiidharau. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza namna baraza la wanafunzi linavyochaguliwa kupitia wajumbe wa idara, shule au vitivo, na haimruhusu kiongozi kukaa zaidi ya vipindi viwili. Hilo ndilo jukwaa la kisiasa la chuo, nanyi kama wanafunzi mna haki ya kulishiriki. Jumuiya yenu isimpigie debe mgombea yeyote, iwe wa baraza, iwe wa kaunti. Sentensi moja kwenye katiba inatosha.

Mkishasimama na vikundi vikifanya kazi, hapo ndipo mtazame nje, mara moja kwa muhula. Na hapa nina ombi, kwa sababu jambo hili nimelipigania muda mrefu. Wanafunzi wetu wa MBA wanafundishwa kwa visa vya kampuni za Marekani ambazo hawajawahi kuingia mlangoni mwake, na huku nyumbani visa vimelala bila kuandikwa. Mumias Sugar iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, ikawa fahari ya ukanda wa miwa, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kuisimamia kwa niaba ya mdai. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ikawa mtandao wa supamaketi uliovuka mipaka ya Kenya, kisha Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Mkulima wa Matungu, jirani na Mumias, aliyekaa bila kulipwa miwa yake ana maelezo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha mkakati wa biashara. Kundi la wanafunzi watano, mhasibu mmoja ndani yake, linaweza kukaa na taarifa za fedha za kampuni zilizo wazi kwa umma, likazungumza na waliofanya kazi au kuuza mali huko, na likaandika kisa cha kurasa sita chenye swali la uamuzi mwishoni: ungekuwa kwenye bodi mwaka ule, ungefanya nini? Kisa hicho kisomwe na darasa linalowafuata. Kikitoka kizuri, mhadhiri atakitumia.

Ziara nazo ziwe hivyo hivyo, ziende na swali. Bandari ya Kisumu ni karibu, watu wa vizimba vya samaki wako ziwani, viwanda vya sukari viko Muhoroni na Chemelil. Mkienda "kutembelea" tu, mtarudi na picha. Mkienda kuuliza mzigo wa kwenda Uganda unagharimu kiasi gani kwa maji na kiasi gani kwa barabara, na kwa nini mwenye mzigo anachagua alivyochagua, mtarudi na sura nzima ya tasnifu ya mtu. Andikieni pia tawi la Kisumu la chama cha kitaifa cha wafanyabiashara na wenye viwanda, KNCCI, na muombe mgeni mmoja mwenye biashara anayeiendesha mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vyama vya taaluma kama ICPAK cha wahasibu na KISM cha watu wa ununuzi na ugavi vina mafunzo yao; msishindane navyo, mwalikeni mzungumzaji wao inapofaa.

Lile la kuiga kutoka ng'ambo ni makabidhiano. Katika shule nyingi za kule, wa mwaka wa pili huwaachia uongozi wa mwaka wa kwanza wakiwa bado wako chuoni, ili wawashike mkono kwa miezi michache. Kwenu, kabidhini kabla masomo ya darasani hayajaisha. Mkingoja mahafali, wa kuwakabidhi hamtawaona, maana wanaoandika tasnifu wametawanyika kila kona. Darasa jipya likiingia tu, kila kiongozi achukue naibu kutoka humo, na nywila za kabrasha ziwe mikononi mwa watu wawili kila wakati.

Kuhusu uenyekiti: kubali, kwa masharti. Uwe wa mwaka mmoja. Viongozi wawe watatu tu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mweka hazina asiwe wewe wala mtu mwingine wa benki yako. Na wewe mwenyewe uingie kwenye kikundi cha tasnifu kama mwanachama wa kawaida, ulete kurasa zako mbili kama wengine, kwa sababu nimeona viongozi wakihudumia darasa lote na wao wakabaki nyuma. Wakikataa masharti hayo, omba ukatibu. Katibu ndiye anayeshika jedwali na kabrasha, na kazi yote niliyoieleza hapo juu inapita mikononi mwake.

Mkutano wa kwanza uwe Jumamosi hii au ijayo, dakika arobaini, baada ya kipindi cha mwisho watu wakiwa bado wameketi. Uwe na ajenda mbili: kuwachagua hao watatu, na kugawa vikundi saba. Rasimu ya katiba ije kwenye mkutano wa pili, kurasa mbili, isizidi.